Lenzi Pana Ilivyofika Shinyanga

Pekua albamu za familia za Shinyanga za miaka ya 1970 na 1980. Karibu kila picha ya ukoo imepigwa nje. Wazee wamekaa kwenye viti mbele ya nyumba, watoto wamechuchumaa chini, vijana warefu wamesimama nyuma, na mwembe umeingia pembeni. Wengi hudhani ni kwa ajili ya mwanga. Mwanga ulikuwa na sehemu yake, lakini mimi niliyekulia katika studio ya baba yangu mdogo, si mbali na stesheni ya reli, nasema sababu kubwa ilikuwa lenzi.

Baba mdogo alikuwa na Zenit-E, kamera ya Kisovieti, nzito, iliyokuja na lenzi moja tu: Helios ya milimita 58. Simama mita 3 kutoka ukutani. Lenzi hiyo haioni hata mita 2 za upana. Chumba chake kilikuwa kifupi. Mtu mmoja wa picha ya pasipoti alienea. Bwana na bibi harusi walienea. Akija mama na watoto wanne, baba mdogo alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Ukija ukoo wa Kisukuma, wake wawili, wakwe na wajukuu, alibeba viti nje. Na hata huko nje mzee wa kaya ndiye aliyeamua nani aingie na nani asubiri, kwa sababu filamu ilikuwa ya kuhesabu, hasa katika miaka ile ya uhaba mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ndiyo maana katika picha hizo wakamwana wengi wanaonekana bega tu, au hawapo kabisa.

Lenzi pana zilikuwapo duniani zamani. Mwaka 1900 kampuni ya Goerz ya Ujerumani ilikuwa na Hypergon, iliyoona nyuzi zipatazo 135. Tatizo lilikuja na kamera za kioo kama Zenit: kile kioo kinachoruka kila unapobonyeza kinahitaji nafasi nyuma ya lenzi, na lenzi fupi ya kawaida ingekigonga. Mwaka 1950 Mfaransa Pierre Angénieux alitoa lenzi ya milimita 35 aliyoiita Retrofocus, yenye kioo kikubwa cha mbele kinachotawanya mwanga ili sehemu ya nyuma ikae mbali. Ufumbuzi huo ulidai vioo vingi zaidi na kazi zaidi ya kusugua. Bei ikapanda hapo, na kwa miaka mingi haikushuka. Warusi walitengeneza Mir-20 ya milimita 20 kwa ajili ya kamera kama ile ya baba mdogo. Aliijua kwa picha ya kwenye karatasi ya matangazo, basi.

Pwani walitutangulia sana katika kazi hii ya picha. A. C. Gomes alikuwa na studio Zanzibar tangu karne ya 19, na Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio huko mwaka 1930. Huku kwetu reli ya kutoka Tabora, inayopita Shinyanga, ilifika Mwanza mwaka 1928, na vitu vya studio vilitufikia kwa njia hiyo.

Hasara inayoniuma zaidi ni ya ngoma. Baada ya mavuno, Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, hushindana uwanjani, kila upande na ngoma zake, na anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi. Ushindi wenyewe ni umati! Katika negativu za baba mdogo ninao wachezaji, ninaye Myeye, mcheza nyoka, na chatu wake shingoni, amependeza kweli, lakini umati haumo. Milimita 58 haikuweza kuuchukua. Nikitazama picha hizo siwezi kukuambia siku ile alishinda nani, na ndilo swali la kwanza ambalo mzee yeyote wa Kisukuma angekuuliza.

Halafu dhahabu ikarudi. Mgodi wa zamani wa Geita ulikuwa umefungwa mwaka 1966. Mgodi mpya ukaanza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009. Kahama, jirani na Bulyanhulu na Buzwagi, ikajaa kumbi, sendofu na harusi za kamati kubwa, na sisi wapiga picha tukahamia dijitali na lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera. Kwa wachimbaji wadogo kazi ilikuwa ngumu zaidi. Ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia, unanyoosha mikono na kugusa kuta zote mbili. Mchimbaji anataka picha yake akiwa na matimba yote yanayozuia udongo, maana matimba ndiyo uhai wake na ndiyo gharama yake. Kwa umbali wa mita moja na nusu, milimita 18 kwenye Canon ndogo huona chini kidogo ya mita 2. Milimita 10 huona zaidi ya mita 3.

Kilichotufungulia mlango ni Canon 10-18 ya mwaka 2014, iliyotoka kwa dola 299 za Marekani, wakati 10-22 ya kampuni hiyohiyo ilikuwa ghali mno kwetu. Ni plastiki mpaka kwenye shingo, ina gramu 240, na haioni vizuri gizani, lakini ndani ina kifaa kinachotuliza mtetemo wa mkono. Tena inapokea kichujio cha milimita 67 mbele. Kwa vumbi jekundu la machimbo ya Nyarugusu, Geita, hilo si jambo dogo: Samyang ya milimita 14, nzuri ilivyo, ina kioo kilichotuna na haina pa kufungia kichujio cha kawaida. Mwenye Nikon awe mwangalifu. Tokina 11-16 ya toleo la kwanza haina mota, hivyo kwenye D3100 utafokasi kwa mkono. Ukinunua ya mtumba, mulika tochi ndani utafute kuvu, kisha itikise usikie kama inalegea. Na siku ya harusi usimweke mama mkwe ukingoni, kwani lenzi pana humnenepesha aliye pembeni. Pembeni weka nguzo au spika.

Tangu iPhone 11 ya mwaka 2019 na simu zilizofuata, kijana yeyote ana lenzi pana mfukoni. Juani picha zake zinatosha, na umati wa ngoma sasa unaingia wote. Ndani ya duara hazifai, kwa sababu kihisi cha lenzi ile ni kidogo na giza linaijaza picha chengachenga. Vijana wanaokuja kuniuliza wanunue nini kwa hela waliyonayo, nawauliza kwanza wanafanyia kazi wapi. Anayeshuka mashimoni namwambia anunue taa mbili za betri kabla ya lenzi yoyote.