Mipaka ya Mahali Palipopiganwa Vita

Katika mkutano wetu mkuu uliofanyika Lodwar lilizuka swali ambalo halikumalizika hata jua likachwa. Mwanachama mmoja alitoa shauri kwamba Chama kiiombe Serikali ihifadhi milima ya Labur, upande wa Lokitaung, iwe mahali pa kumbukumbu ya vita vya 1918. Mzee mmoja wa Kakuma akasimama, akauliza neno moja tu: "Mpaka utapita wapi?" Hakuna aliyeweza kumjibu. Ndipo Halmashauri ikatuagiza tuandike kurasa hizi, nasi tumekubali kwa kuwa kazi yetu ya ukarani imetuonyesha kwamba barua nyingi za ardhi hukwama penye swali hilo hilo.

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 yampa Waziri uwezo wa kutangaza, katika Gazeti Rasmi la Serikali, kwamba mahali fulani penye historia panalindwa, pamoja na ardhi inayopakana napo ambayo aona inahitajika kwa kupatunza. Wasomaji na wayaangalie sana maneno hayo ya ardhi inayopakana, maana ndimo lilimo swali la mzee wetu.

Ili tusibahatishe, yatupasa kutazama mahali pa vita palipohifadhiwa zamani, ingawa ni mbali nasi, pwani ya Mombasa. Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno kuanzia 1593. Waarabu wa Oman waliizingira tangu Machi 1696 hata Desemba 1698, wakaitwaa baada ya wengi waliokuwa ndani kufa kwa maradhi na njaa. Waingereza waliifanya gereza tangu 1895, na mwezi wa Oktoba 1958 ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Lililotangazwa ni ngome yenyewe. Lakini je, vita vile vilipiganwa ndani ya kuta peke yake? Mwaka 1697 manowari ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyokuja kuwaokoa waliozingirwa, ilizama baharini chini ya ngome. Wapiga mbizi waliichimbua kati ya 1977 na 1980, wakatoa mizinga, vyombo vya udongo na vitu vingi vinginevyo. Basi kumbe sehemu kubwa ya habari za vita ilikuwa imelala nje ya kuta, chini ya maji, muda wote huo! UNESCO ilipoiandika ngome katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, mpaka ulihesabiwa hektari 2.36, pamoja na handaki lake na viunga vyake vya karibu, na nje ya hapo ukawekwa ukanda wa ulinzi wa hektari 31 hivi. Hivyo mpaka wa mahali pa vita waweza kuandikwa upya, hata baada ya miaka hamsini na zaidi.

Sasa na turudi kwetu. Vita vya 1918, ambavyo Waingereza waliviita Labur Patrol, havikuwa na ngome wala handaki. Askari wa King's African Rifles walitoka kusini na askari wa Sudan wakatoka kaskazini, wakawafuata Waturkana waliokuwa na bunduki zilizopatikana kwa Wahabeshi, chini ya wakuu kama Ebei na mwaguzi Lowalel. Walichokitafuta askari ni mifugo, na mifugo hukimbilia maji. Watu wetu walitekwa ng'ombe, ngamia, mbuzi na punda kwa wingi usiosahaulika, na wilaya ikakaa chini ya utawala wa kijeshi hata 1926. Mahali pa vita hivyo, kwa kweli, ni njia za kushukia mlimani, makorongo, na visima vya mchangani. Ukiweka bikoni kuzunguka kilima kimoja utakuwa umehifadhi mawe na kuiacha habari yenyewe nje. Ukiizungushia habari yote, utakuwa umefunga visima ambavyo watu wanyweshea mifugo hata leo.

Vyumba vya gereza la Lokitaung, alikofungwa Jomo Kenyatta na wenzake mpaka 1959, havina taabu hiyo. Kuta zake zajulikana, na mtu aweza kuzipima kwa kamba asubuhi moja.

Hofu ya mzee wa Kakuma si ya bure. Ng'ambo ya ziwa iko Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi, iliyotangazwa 1973, kilometa za mraba 1,570 hivi, kwa ajili ya mifupa ya kale ya Koobi Fora. Sheria ya hifadhi za taifa hairuhusu kuchunga humo, lakini ukame ukija wafugaji huingia, kwa kuwa majani na maji hayajui bikoni. Twasema hivi bila kuwalaumu wanaochunga wala wanaolinda. Mpaka ulichorwa kwa kufuata mifupa, wala haukufuata kiu ya ng'ombe.

Tena watu wa Kakuma wameona mipaka mingi. Kambi ya wakimbizi ilianza 1992 kando ya Mto Tarach, na mwaka 2015 zikatolewa hektari 1,500 huko Kalobeyei, baada ya mazungumzo na wenyeji. Palikuwa na manung'uniko, lakini walao wazee waliulizwa kabla ya vigingi kusimikwa. Na kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ardhi ya jamii isiyoandikishwa hushikwa na serikali ya kaunti kwa amana ya wenyewe, basi wenyewe wana haki ya kusema.

Halmashauri, baada ya kusikia hayo, haikuliondoa shauri la Labur wala haikulipitisha. Imeamua kwamba barua ya kwenda Makumbusho isiandikwe mpaka wazee wa pande zile wapite kwa miguu pamoja na mpima ardhi, wakitaja kila kisima, kila njia ya mifugo na kila mahali palipozikwa watu wa 1918. Ombi litakuwa la sehemu ndogo ndogo, kila moja na mpaka wake, na visima vyote vibaki wazi. Mwanachama aliye na jamaa upande wa Lokitaung na amletee Katibu majina ya visima avijuavyo kabla ya mvua.