Kabla Kasha la Bibi Halijapigwa Msasa

Nyumba nyingi za Mji wa Kale hapa Mombasa, na za Lamu vilevile, bado zina samani za wazee wetu: kasha lenye misumari ya shaba, kiti cha enzi, kabati la msaji. Chumvi ya bahari, unyevu wa masika na vikombe vya chai vimezikwajua. Ikikaribia arusi, mwenye nyumba huona haya mbele ya wageni, akamwita fundi. Fundi hupiga msasa, hupaka vanishi mpya, na kwa siku mbili kazi imekwisha.

Ndugu zangu, hapo ndipo ninapoomba tusite. Jamaa yangu mmoja alirudishiwa kasha la bibi yake likimeremeta kama la jana. Lakini nakshi zilizochongwa kwa mkono zilikuwa zimelika nusu, na ile rangi nzito iliyokolea kwa miaka mingi ilikuwa imegeuka unga sakafuni. Msasa haurudishi ulichokula. Wanunuzi wa vitu vya kale nao wanalijua hilo: kitu kilichoparuzwa hushuka thamani.

Mara nyingi mbao yenyewe ni nzima, kilichoharibika ni utando wa juu tu. Basi tujue kwanza ni utando gani. Chagua mahali pasipoonekana, kama nyuma ya mguu, uguse kidogo kwa pamba yenye spiriti. Ukilainika na kunata, hiyo ni sheleki, utomvu wa wadudu wadogo wa Bara Hindi uliopendwa sana na mafundi wa zamani. Spiriti ikishindwa na thina ikaweza, hiyo ni laka. Zote mbili zikishindwa, yaelekea ni vanishi. Maelezo yangu ya spiriti hapa chini ni ya sheleki peke yake.

Anza kwa kusafisha, kwani pengine ubovu wote ni taka na nta iliyogandamana. Tumia kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kilichokamuliwa sana, kisha kausha papo hapo. Pembe au mfupa uliopachikwa kwenye kiti cha enzi usiuloweshe, utapinda au kupasuka.

Doa jeupe ni unyevu ulionaswa ndani ya utando. Liache siku kadhaa likauke. Lisipotoka, pitisha juu yake kitambaa chenye spiriti kidogo mno, haraka, bila kukomea mahali pamoja. Doa jeusi ni jambo jingine: maji yamefika kwenye mbao. Hilo mwachie fundi anayejua.

Uso ukiwa na nyufa ndogo ndogo kama ngozi ya mamba, sheleki ina sifa moja nzuri: spiriti huiyeyusha tena hata ikiwa kuukuu. Pitisha spiriti kwa brashi laini, nyufa zijifunge, kisha iache usiku kucha. Kesho yake paka sheleki mpya, tabaka jembamba, kwa bonge la pamba lililofungwa kitambaa. Malizia kwa nta ya nyuki. Chagua siku kavu, kwa sababu sheleki ikipakwa wakati hewa ina unyevu hugeuka nyeupe. Fungua madirisha, na ukae mbali na jiko na sigara, maana spiriti hushika moto upesi.

Baada ya hapo, kiondoe chombo kwenye dirisha linalopigwa na jua, na kila kikombe kiwekewe kisahani. Mikwaruzo midogo iacheni, ni umri wake.

Na ukimwita fundi, muulize kwanza: "Huu utando ni wa nini?" Akikujibu kwa kutoa msasa mfukoni, mshukuru kwa kuja, umtafute mwingine.