Noti Iliyo Chini Kidogo

Mama alisikiliza kwa sekunde kumi hivi, kisha akazitoa hedifoni masikioni na kuziweka juu ya meza.

"Hii siyo ya babu yako," alisema. "Hii ni ya kinanda."

Nilikuwa nimeshinda wiki nzima juu ya kazi hiyo. Nilichukua kaseti ambayo babu alirekodiwa akipiga ilimba, marimba ya vidole ya sisi Wagogo, nikausikiliza wimbo mmoja mpaka nikaukariri, kisha nikauandika upya noti kwa noti ndani ya programu ya kutengenezea muziki. Mdundo ulikuwa ule ule. Mpangilio wa noti ulikuwa ule ule. Lakini mama, ambaye hajawahi kugusa programu hiyo, alisikia kitu ambacho mimi mwanafunzi wa uzamili wa muziki sikukisikia: kila noti ilikuwa imesogezwa kidogo kutoka mahali pake.

Programu nyingi za muziki huanza kazi zikiwa zimeshakuamulia jambo. Oktava moja ina hatua 12 zinazolingana, kila hatua ina senti 100, basi. Ilimba haikubaliani na hesabu hiyo. Ukikaza uzi na kuugusa katikati, kisha kwenye theluthi, kisha kwenye robo, utasikia sauti ndogondogo zilizojificha ndani ya sauti kubwa. Waliouchunguza muziki wa Kigogo wameeleza kwamba mizani yake imejengwa juu ya sauti hizo za asili. Ya saba kati yake iko senti 31 chini ya noti ya kinanda iliyo jirani nayo. Hiyo ni karibu theluthi ya hatua moja. Kwa asiyeizoea, ni noti iliyokosewa. Kwa mama, ni sauti ya baba yake.

Nilimweleza fundi wa studio ya chuo tatizo langu. "Mdogo wangu," akasema, "wewe unapigana na mlango uliofungwa. Ngoja nikuoneshe dirisha." Ndani ya programu ya Ableton Live akafungua kitu ambacho sikuwahi kukiona: ukurasa mweupe wenye visanduku vidogo, na nyaya zimetoka kimoja kwenda kingine. Hiyo ndiyo Max for Live. Mtu haandiki mistari ya kodi. Anachora. Kisanduku kimoja kinapokea noti, kingine kinajumlisha, cha tatu kinatoa jibu, na nyaya zinasema nani anampa nani. Mchoro mzima huitwa pachi.

Jina hilo lina asili yake. Katikati ya miaka ya 1960, Robert Moog na Don Buchla walijenga nchini Marekani sintesaiza zenye matundu mengi, na mwanamuziki aliyaunganisha kwa nyaya za kuchomeka na kuchomoa, kama zile za mitambo ya zamani ya kuunganishia simu. Kila mpangilio wa nyaya ulikuwa pachi moja, na ukizichomoa, sauti ile imepotea.

Visanduku nilivyooneshwa vilizaliwa Paris, chini ya ardhi, jirani na Centre Pompidou. Hapo ndipo ilipo IRCAM, taasisi iliyoanzishwa na mtunzi Pierre Boulez. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa na mashine iitwayo 4X, kazi ya Giuseppe Di Giugno, iliyoweza kubadilisha sauti ya ala wakati ule ule inapopigwa. Tatizo lilikuwa namna ya kuiongoza. Hapo awali mpigaji ala alilazimika kuifuata kanda iliyorekodiwa. Akichelewa, kanda haimngoji. Watunzi kama Philippe Manoury walitaka mashine ndiyo imfuate binadamu.

Kijana wa Kimarekani, Miller Puckette, aliyesomea hisabati, ndiye aliyepata njia. Kwenye kompyuta ya Macintosh aliandika programu aliyoiita Patcher, ambayo iliituma 4X kazi kupitia MIDI. Mtunzi aliweza kuchora njia ya muziki kwa kipanya na kuibadilisha bila kumsubiri mhandisi. Manoury aliitumia katika Pluton, kazi ya piano na mashine ya mwaka 1988. Programu yenyewe ikapewa jina Max, kwa heshima ya Max Mathews, ambaye mwaka 1957 katika maabara ya Bell aliifanya kompyuta ya IBM ipige muziki wa sekunde 17.

Yaliyofuata ni mambo ya soko. Mwaka 1990 kampuni ya Opcode ilianza kuiuza Max, ikiwa imeendelezwa na David Zicarelli. Mwaka 1998 Opcode ikanunuliwa na Gibson, na muda si mrefu shughuli zake zikafa. Max ingeweza kuzikwa nayo, lakini Zicarelli alikuwa ameshaanzisha kampuni yake, Cycling '74, akaiendeleza huko. Puckette naye, akiwa amehamia Chuo Kikuu cha California, San Diego, aliandika upya wazo lile lile tangu mwanzo, akaliita Pure Data na kuligawa bure.

Kule Berlin, Gerhard Behles na Robert Henke, wanamuziki wa kundi la Monolake, walikuwa wakijitengenezea zana zao kwa Max. Kutokana na uzoefu huo ikaja Live, iliyotoka mwaka 2001. Mwaka 2009 duara likakamilika: Max ikaingizwa ndani ya Live, na mpishi akaruhusiwa kufumua jiko lenyewe. Mwaka 2017 Ableton ikainunua Cycling '74.

Nami nikafumua. Pachi yangu ilikuwa na kazi moja: kila noti ya saba ikipita, ishushe senti 31. Katika MIDI kuna ujumbe wa kupinda sauti, na katikati yake ni namba 64. Kama ala inapinda hatua mbili juu na mbili chini, basi 54 inaishusha noti kwa senti 31 na kidogo. Nilipopata namba hiyo nilicheka peke yangu studio. Babu alipata noti yake kwa kuusogeza ulimi wa chuma mbele au nyuma na kusikiliza.

Lakini noti ikatoka inateleza, kama mtu aliyekanyaga matope. Nilitafuta kosa siku mbili. Kumbe katika Max, ujumbe ukigawanyika kwenda visanduku viwili, cha kulia hupata kwanza. Inasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama hati za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nilikuwa nimeuweka upinde kushoto, kwa hiyo noti ililia kwanza, ndipo ikapindwa. Nikabadilisha nafasi za visanduku viwili, mtelezo ukaisha.

Likabaki moja. Upinde huo unashusha kila noti iliyo kwenye chaneli ile, na ilimba hupigwa kwa vidole gumba viwili. Noti mbili zikilia pamoja, zote zinashuka. Nikaugawa wimbo mara mbili, upande wa gumba la kulia na upande wa gumba la kushoto, kila mmoja na pachi yake. Ilibidi niirudie kaseti na kujiuliza, kwa kila noti, ni mkono upi wa babu ulioipiga. Sikuwahi kumsikiliza hivyo alipokuwa hai.

Live 12, iliyotoka mwaka 2024, ina sehemu ya kuchagua mizani ya sauti, kwa hiyo leo kazi yangu ingekuwa nyepesi zaidi. Hata hivyo pachi nimeiandika tena kwa Pure Data, na ndani ya kompyuta yangu chakavu inafanya kazi kupitia plugdata, programu ya bure inayoiingiza Pure Data ndani ya studio ya kompyuta. Faili lake ni maandishi matupu. Mtu anaweza kulifungua kwa programu yoyote ya kuandikia. Nimesoma yaliyoipata Opcode, nami sitaki sauti ya babu imtegemee mwenye duka.

Nilirudi kwa mama na hedifoni zile zile. Safari hii alisikiliza mpaka mwisho, macho kayafumba, gumba likigonga ukingo wa meza.

"Mkono wa kushoto," alisema. "Alikuwa anauchelewesha kidogo. Wewe umeuharakisha."

Nikafungua kompyuta.