Kuwasha, Kuhuisha na Kuamilisha

Tarehe 25 Oktoba 2001, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilipoanza kuuza programu endeshi ya Windows XP, mnunuzi wa kawaida alikuta sharti geni. Namba ya bidhaa, yenye herufi na tarakimu 25, haikutosha tena. Ilimpasa, katika muda wa siku 30, kuithibitisha nakala yake kwa kampuni, ama kwa intaneti ama kwa simu. Asipofanya hivyo, alifungiwa nje. (Mashirika yaliyonunua kwa jumla yalisamehewa.)

Tendo hilo ndilo tuliitalo kuamilisha, neno lenye asili moja na amali. Wako wanaoandika kuwasha. Kwa maoni yetu neno hilo halifai, kwani kompyuta huweza kuwa imewashwa nayo programu yake isiwe imeamilishwa. Kuhuisha nako kumekwisha kuchukua maana ya kuongeza yaliyo mapya.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Katika kipakatalishi kikuukuu betri ndogo ya saa hufa, tarehe ikarudi nyuma miaka mingi, na ombi la kuamilisha likakataliwa. Fundi aliyesomewa "kosa la kuwasha" ataanza kupima chaja na swichi. Aliyesomewa "kosa la kuamilisha" atasahihisha tarehe, kisha aikague namba ya bidhaa. Atauliza pia kama ubao mkuu umebadilishwa, maana hapo programu huiona mashine kuwa ni nyingine na kudai kuamilishwa upya.