Ushirika na Kantini: Maduka ya Wanajeshi na Suala la Umilikaji

Mtu anapoandika kwa Kiswahili juu ya maduka ya wanajeshi, maneno "ushirika", "shirika" na "kantini" humjia kwa pamoja, na ni rahisi kuyatumia kana kwamba yana maana moja. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa kupitia historia ya jeshi la Uingereza, kwamba maneno hayo yana mifumo mbalimbali ya umilikaji, na kwamba kuyachanganya ni kuficha swali la msingi: mwenye duka ni nani?

Kantini tumelipokea kutoka Kiingereza, kilicholitwaa kutoka Kifaransa, nacho kutoka Kiitaliano, ambamo cantina ni chumba cha chini cha kuwekea mvinyo. Ushirika una asili ya Kiarabu, na mzizi wake wataja hali ya kuwa na fungu katika jambo pamoja na mwingine. Basi neno la kwanza lataja mahali. La pili lataja uhusiano wa watu.

Katika karne ya 19, makantini mengi ya kambi za Uingereza yalikodishwa kwa wafanyabiashara. Askari hakuwa na pengine pa kununua, na mpangaji alilijua hilo. Bidhaa hafifu ziliuzwa kwa bei ya juu. Wakati huohuo, wafanyakazi 28 wa Rochdale walikuwa wamefungua duka lao mwaka 1844, wakigawana faida kwa kadiri ya manunuzi ya kila mwanachama. Mfano huo uliigwa jeshini. Mwaka 1871 maofisa waliunda chama cha ushirika cha jeshi la nchi kavu na la majini, na mwaka 1872 kikafungua duka katika mtaa wa Victoria, London. Lakini huo ulikuwa ushirika wa maofisa na jamaa zao. Askari wa kawaida alingoja hadi 1894, maofisa wachache walipoanzisha chama cha ushirika cha makantini na mesi, ambacho faida yake ilirudishwa vikosini.

Hata hivyo, upangaji haukukoma. Mwaka 1914 maofisa wa jeshi na watumishi wa kampuni moja kubwa ya vyakula walishtakiwa London kwa kosa la hongo katika zabuni za makantini. Vita vilipozuka mwaka huohuo, serikali iliingilia kati, na kazi za chama cha 1894 zikaangukia kamati yake. Mwishowe, mwaka 1920, iliundwa NAAFI, chombo cha kuyahudumia majeshi ya majini, ya nchi kavu na ya angani. Haikuwa na wenye hisa, na sehemu ya mapato yake ilirudishwa kwa vikosi. Kufikia 1944 ilikuwa na makantini yapatayo 7,000.

Yafaa tuangalie kilichobaki na kilichopotea. Marejesho ya faida yalibaki; uanachama ulipotea. Askari alinufaika na duka, lakini hakupiga kura wala kumchagua msimamizi. Alikuwa mnunuzi aliyetunzwa, si mshirika.

Nchini Kenya, majeshi yetu yalihudumiwa kwa miaka mingi na AFCO, ambayo sasa ni DEFCO. Hilo ni shirika la serikali. Hapa lugha yetu yatutega, kwa maana shirika na ushirika ni matawi ya mzizi mmoja, na kiambishi u- peke yake ndicho kinachotenganisha chombo kilichoundwa kwa ajili ya watu na chombo kilichoundwa na watu wenyewe.

Kwa hiyo mfasiri anayeliita kila duka la wanajeshi "duka la ushirika" humpa askari umilikaji asiokuwa nao. Tunapendekeza kwamba neno ushirika lihifadhiwe kwa vyama ambavyo wanachama wake wana fungu na sauti, na kwamba maduka mengine yaitwe makantini. Sauti moja ya irabu yaweza kuwa ndogo kinywani, lakini imebeba haki ya mtu.