Mlango wa Askari na Mlango wa Mchezaji

Juu ya ukingo wa magharibi wa mto Hudson, katika jimbo la New York, kimesimama chuo cha West Point, ambacho tangu mwaka 1802 hufunza maafisa wa jeshi la nchi kavu la Marekani. Jeshi la majini lilipata chuo chake Annapolis mwaka 1845, na jeshi la anga likapata chake, katika jimbo la Colorado, kwa sheria ya mwaka 1954. Kijana aingiaye katika vyuo hivi halipi karo. Hulishwa, huvishwa, hupewa ujira mdogo, na baada ya miaka minne hutoka akiwa afisa mwenye shahada. Deni lake hulilipa kwa utumishi, ambao siku hizi haupungui miaka mitano. Wala hawezi kubisha hodi peke yake: sharti apendekezwe kwanza, aghalabu na mbunge wa kwao, kisha aonyeshe kwamba elimu yake yatosha.

Mlango mwembamba namna hii haukumfaa askari wa kawaida. Yeye alikwisha kubeba bunduki au kusugua sitaha ya manowari, lakini shule aliiacha mapema, na mbunge hakumjua. Kwa ajili ya watu kama hao Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1914 iliyoruhusu mabaharia wachache kuingia Annapolis kila mwaka kwa mtihani. Mwaka uliofuata jeshi la majini likaanza kuwafundisha kwa mtihani huo, na mwaka 1916 sheria ikawafungulia njia zaidi askari wa nchi kavu. Shule ya matayarisho ya West Point iliundwa rasmi mwaka 1946, na ya jeshi la anga mwaka 1961. Kazi yake ilikuwa moja: kumchukua kijana kwa miezi kumi hivi na kumnoa katika hesabu na lugha mpaka afae. Sijui njia ya heki zaidi ya hiyo ya kumpandisha mtu wa chini.

Basi mchezaji aliingiaje katika habari hii? Alikuja na mpira. Si mpira tuujuao sisi, bali ule wa Kimarekani, uliochongoka ncha mbili, ambao hushikwa kwa mikono kuliko kupigwa kwa miguu. Tarehe 29 Novemba 1890 makadeti wa Annapolis walikwenda West Point wakawashinda wenyeji kwa alama 24 kwa sufuri. Nahodha wa West Point, Dennis Michie, mwana wa mwalimu wa chuo hicho, alikuwa miongoni mwa wachache sana upande wake waliopata kuucheza mchezo ule. Alikufa vitani Cuba mwaka 1898, na uwanja wa chuo ukaitwa kwa jina lake. Lakini aibu ya siku ile haikusahauliwa, na tangu hapo ushindi dhidi ya wenzao ukawa jambo la heshima ya jeshi zima.

Heshima hiyo ilizaa werevu. West Point ilianza kuwapokea vijana waliokwisha kucheza miaka yao yote katika vyuo vingine. Christian Cagle alicheza miaka minne Louisiana, kisha akaanza upya West Point mwaka 1926, akacheza mingine minne. Hebu fikiri, msomaji, kijana wa miaka kumi na minane akipambana na mtu wa namna hiyo! Annapolis ilikubali kanuni kwamba mtu asicheze zaidi ya miaka mitatu; West Point ikakataa; na mwaka 1928 na 1929 vyuo hivyo viwili havikukutana uwanjani kabisa. Walirudiana mwaka 1930 ili kuchanga fedha kwa ajili ya watu wasio na kazi, lakini West Point haikuishika kanuni ile mpaka mwaka 1938, kwa amri ya Rais Roosevelt.

Vita Kuu ya Pili ikafunga mjadala kwa muda. Felix Blanchard, aliyekuwa mchezaji katika Chuo Kikuu cha North Carolina, aliandikwa askari, na mwaka 1944 akaingia West Point. Yeye na Glenn Davis walicheza misimu mitatu bila timu yao kushindwa hata mara moja. Nchi nzima iliwashangilia.

Katikati ya shangwe hizo ufa ulikuwa umekwisha kuanza, na wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Makadeti wa West Point waliapa kwa heshima yao kwamba hawatasema uongo, wala kudanganya, wala kuiba, wala kumvumilia atendaye hayo. Mtihani ule ule ulikuwa ukitolewa kwa kundi moja leo na kwa jingine kesho. Wachezaji, ambao jioni zao ziliishia uwanjani, walianza kuulizana maswali, na waliowasaidia masomo wakaingia katika siri. Mwezi Agosti 1951 ilitangazwa kwamba makadeti 90 watafukuzwa. Zaidi ya 30 kati yao walikuwa wachezaji wa mpira, naye mwana wa kocha Earl Blaik alikuwamo. Wengine hawakuiba jibu hata moja. Kosa lao lilikuwa kujua na kunyamaza. Nawahurumia hao kuliko wote, ingawa siwezi kusema kwamba hukumu ilikosea sheria.

Waliofukuzwa walikuwa vijana. Wakubwa waliowatafuta kwa nguvu za miguu yao, kisha wakawapakia masomo mazito na mazoezi mazito kwa pamoja, walibaki kazini.

Baada ya hapo njia ya matayarisho ilizidi kuonekana kuwa na faida. Kocha akimwona kijana hodari ambaye alama zake hazitoshi, humpeleka mwaka mmoja akasome kwanza. Roger Staubach hakufaulu vizuri katika Kiingereza, akatumwa katika chuo kidogo cha kijeshi huko New Mexico, ndipo akaingia Annapolis mwaka 1961. Mwaka 1963 alipata tuzo ya Heisman, apewayo mchezaji bora wa vyuo. Watu wengi husahau kwamba baadaye alitumikia Vietnam, na hakucheza mpira wa malipo mpaka mwaka 1969. Huyo alilipa deni lake lote. David Robinson, mchezaji wa mpira wa kikapu aliyehitimu Annapolis mwaka 1987, alirefuka hadi futi 7 na inchi 1 akawa hafai kukaa melini. Alitumikia miaka miwili tu.

Shule za matayarisho za majeshi nazo zilijaa wachezaji pamoja na askari, hata mwaka 2003 wakaguzi wa serikali wakaandika kwamba shabaha za shule hizo hazipatani wazi na matarajio ya vyuo vyenyewe. Swali lao lilikuwa la haki: kila nafasi apewayo mpiga mpira ni nafasi aliyoikosa nani? Mwaka 2011 shule ya jeshi la nchi kavu ilihamishwa kutoka New Jersey hadi West Point kwenyewe. Humo askari aliyetoka kikosini na kijana aliyetafutwa na kocha huketi darasa moja, wakihangaika na hesabu zile zile, wala hakuna kati yao aliyeahidiwa kwamba ataingia.