Sifuri Inayomfariji Mzazi

Mzazi wa Marekani anayekwenda kukagua chuo kabla mwanawe hajatuma maombi hukabidhiwa kwa mwanafunzi aliyezoezwa kutembea kinyumenyume huku akizungumza. Maktaba, bwalo, maabara, kisha msafara husimama penye nguzo yenye taa ya buluu kileleni na kitufe chekundu usawa wa kifua. Ukibonyeza hapa, wazazi huambiwa, askari wa chuo watakufikia mara moja. Wazazi huridhika na msafara husonga mbele. Nguzo hizo zilienea vyuoni mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, na historia iliyozisimamisha ni ya kutafakarisha. Usalama umekuwa ukitangazwa kwa wazazi kupitia vitu vinavyoonekana kwa macho, ilhali hatari yenyewe aghalabu haionekani, na mara nyingi ina kitambulisho cha mwanafunzi mfukoni. Hata sheria iliyotungwa ili kuwafichulia wazazi ukweli imetoa mwanya wa kuwafariji kwa namna mpya.

Zamani chuo hakikuhitaji kujitangaza hivyo. Mwaka 1913 mahakama ya Kentucky, katika kesi ya Gott dhidi ya Chuo cha Berea, ilikubali kwamba uongozi wa chuo unasimama mahali pa mzazi. Kesi yenyewe, ajabu, ilihusu mgahawa ambao wanafunzi walikatazwa kwenda kula. Kwa miongo iliyofuata mabweni ya wasichana yalikuwa na saa ya mwisho ya kurudi na daftari la kutia saini, huku wavulana wakitembea watakavyo. Lilikuwa gereza la heshima, na sioni sababu ya kulililia. Lilianza kubomoka mwaka 1961, mahakama ya rufaa ya shirikisho ilipoamua katika kesi ya Dixon kwamba chuo cha serikali huko Alabama hakikuwa na haki ya kuwafukuza wanafunzi weusi waliodai haki zao bila kuwasikiliza kwanza. Mwaka 1974 sheria ya faragha ya elimu ikahamishia kwa mwanafunzi mwenyewe mamlaka juu ya kumbukumbu zake za masomo. Mzazi akabaki analipa ada, lakini nguvu yake ya kuuliza imepungua sana. Pengo hilo likajazwa na vipeperushi.

Howard na Connie Clery walikuwa wazazi wa aina hasa inayolengwa na vipeperushi hivyo: makini na wenye uwezo wa kuchagua. Watoto wao wa kiume walikuwa wamesoma Tulane, New Orleans, lakini binti yao Jeanne walimwepusha na chuo hicho baada ya kusikia kwamba mwanafunzi mmoja aliuawa nje ya eneo lake. Wakampeleka Lehigh, katika mji wa Bethlehem, Pennsylvania, chuo cha majengo ya mawe mlimani kilichoonekana tulivu. Tarehe 5 Aprili 1986 Jeanne, akiwa na miaka 19, alibakwa na kuuawa chumbani mwake katika bweni la Stoughton. Muuaji alipita milango mitatu iliyotengenezwa ijifunge yenyewe, ambayo wakazi waliizuia isifungike. Hakuwa mhuni aliyeruka ukuta kutoka mtaani. Alikuwa mwanafunzi wa chuo hichohicho. Baadaye wazazi waligundua kwamba katika miaka mitatu iliyotangulia chuo kilikuwa na makosa 38 ya matumizi ya nguvu, na wao hawakuambiwa lolote. Ukitazama vizuri, uchaguzi wao haukuwa kati ya chuo cha hatari na chuo salama. Ulikuwa kati ya chuo ambacho habari zake zilitoka na chuo ambacho habari zake hazikutoka.

Walikishtaki chuo, kesi ikamalizika kwa maridhiano, na mwaka 1987 wakaanzisha shirika la Security on Campus. Pennsylvania ilitunga sheria mwaka 1988. Bunge la Marekani likafuata, na Novemba 1990 Rais George H. W. Bush akatia saini. Sheria hiyo ilipewa jina la Jeanne Clery mwaka 1998. Kila chuo kinachoshiriki katika misaada ya masomo ya serikali kuu hutakiwa kutoa, kufikia tarehe 1 Oktoba kila mwaka, ripoti ya makosa ya miaka mitatu, na kuwajulisha waombaji kwamba ripoti hiyo ipo. Kabla ya hapo kupeleka takwimu FBI ilikuwa hiari, na vyuo vilivyojitolea vilikuwa vichache mno.

Ila takwimu hizo huhesabu makosa yaliyoripotiwa, si yaliyotendeka. Kwa mwaka 2015, kwa mujibu wa uchambuzi wa chama cha wanawake wasomi cha AAUW, asilimia 89 ya vyuo viliandika kwamba havikupokea hata taarifa moja ya ubakaji. Mwaka huohuo muungano wa vyuo vikuu vya utafiti, AAU, uliwahoji zaidi ya wanafunzi 150,000 katika vyuo 27, na takriban mmoja kati ya kila wasichana wanne wa shahada ya kwanza alisema aliguswa au kuingiliwa bila ridhaa tangu ajiunge. Sifuri hizo zina asili mbalimbali. Baadhi ni za vyuo vidogo visivyo na mabweni, na hazina hila yoyote. Nyingine ni za mahali ambapo mtu anaogopa kusema. Machi 2024 Wizara ya Elimu ilikipiga Chuo Kikuu cha Liberty, huko Virginia, faini ya dola milioni 14. Uchunguzi ulionyesha kwamba waliodhulumiwa kingono waliadhibiwa mara nyingi kwa kuvunja kanuni za maadili za chuo, huku waliowadhulumu wakiachwa. Chuo chenye ofisi inayosikiliza hupata namba kubwa, na namba hiyo humkimbiza mzazi asiyejua kusoma jedwali.

Wapo watakaosema kwamba bila sheria hii tusingejua hata hayo. Ni kweli, na sitaki kuidharau. Desemba 2006 Chuo Kikuu cha Eastern Michigan kilitangaza kwamba hakuna dalili ya uhalifu katika kifo cha msichana aliyekutwa bwenini. Miezi miwili baadaye mwanafunzi mwenzake akakamatwa kwa mauaji. Sheria hiyo ndiyo iliyokitoza chuo faini ya dola 350,000, na rais wake akapoteza kazi. Tatizo liko katika matumizi ya kila siku: tafiti za Steven Janosik wa Virginia Tech zilionyesha mapema kwamba wanaoisoma ripoti hiyo wakati wa kuchagua chuo ni wachache. Hoja ya pili ni kwamba taa na nguzo, hata zisipotumika, humtisha mhalifu. Labda humtisha yule wa nje. Mlango wa kadi haumzuii mwenye kadi, na nguzo ya barabarani haifiki chumbani. Vyuo vingine vimeshaanza kuziondoa kwa kuwa kila mwanafunzi ana simu yake. Pengine hubakia kwa sababu wageni wanapenda kuziona.

Mzazi wa Nairobi au Dar es Salaam ambaye mwanawe amepata nafasi katika chuo cha Marekani anaweza kuifungua ripoti hiyo kwenye intaneti, akiwa mbali na nguzo na maneno matamu ya msafara. Akague mipaka yake kwanza: huhesabu eneo la chuo, majengo yake mengine na barabara zinazopakana nalo, lakini kwa kawaida si nyumba za kupanga mtaani, wanakohamia wanafunzi wengi baada ya mwaka wa kwanza. Kisha atafute nani hupokea malalamiko, na mlalamikaji hulindwaje. Desemba 2024 sheria ilirekebishwa ili ripoti zihesabu pia mateso wanayofanyiwa wanachama wapya wa vyama vya wanafunzi, jambo ambalo kwa miaka mingi limefunikwa kwa viapo vya siri. Safu mpya ya jedwali imeongezwa, na vyuo vitakavyoijaza sifuri vitahitaji kuulizwa jinsi vilivyoipata.